Taa Ilikuwa Inawaka: Ushahidi wa Utambuzi Unavyoharibikia Kituoni



Wapelelezi na waendesha mashtaka, kanuni yenyewe mnaijua. Tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshikilia kuwa ushahidi wa utambuzi wa macho ndio dhaifu kuliko wote, na kwamba mtu asitiwe hatiani kwa ushahidi huo mpaka kila uwezekano wa kumfananisha uwe umeondolewa. Ninachotaka tukiangalie leo ni hatua ya kabla ya mahakama: siku shahidi anapoandikwa maelezo polisi.

Chukueni unyang'anyi wa usiku. Maelezo yanasomeka, "Niliwatambua kwa sababu taa ilikuwa inawaka." Mpelelezi anaweka nukta, shahidi anatia sahihi. Taa gani? Katika rufaa ya Issa Mgara, Mahakama ilisema haitoshi kudai tu kwamba palikuwa na mwanga, kwa kuwa balbu, chemli na kibatari havimuliki sawa. Kibatari kilichowekwa sakafuni huonyesha miguu na kuuacha uso gizani. Tochi iliyo mkononi mwa jambazi humulika shahidi, si jambazi, na bado tunaiona kwenye majalada ikitajwa kama chanzo cha mwanga! Basi ulizeni taa ilikaa wapi, ilielekea upande gani, palikuwa na hatua ngapi kati yao, alimtazama kwa muda gani, uso ulikuwa wazi au umefunikwa.

Neno "namfahamu" nalo lisiachwe hivyo hivyo. Ni jirani yake, au alimwona mara moja mnadani? Katika shauri la Turnbull, mahakama ya Uingereza ilionya kwamba watu hukosea hata kwa ndugu na marafiki wa karibu.

Sheria ya Ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja anaweza kutosha. Kinachompa nguvu huyo mmoja ni kumtaja mtuhumiwa mapema, kama ilivyoelezwa katika shauri la Marwa Wangiti. Waliokuja kwa yowe waliambiwa jina gani usiku ule ule? Mwenyekiti wa kitongoji je? Hao nao waandikwe maelezo. Kama mhanga alinyamaza kwa hofu, hofu hiyo iandikwe na sababu zake, maana kinachotiliwa shaka ni ucheleweshaji usio na maelezo. Shahidi akiyasema hayo kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu, wakili wa utetezi ataomba maelezo ya kituoni yapokelewe kama kielelezo, na hapo hakimu hataupima mwanga tena, ataupima ukweli wa shahidi.

Gwaride la utambuzi ni la mtu asiyejulikana kwa shahidi. Kumpangia jirani yake gwaride ni kupoteza muda wa wote. Shahidi atoe kwanza wajihi: umri, kimo, rangi, kovu, mavazi. Kisha mtuhumiwa apangwe na watu wanaofanana naye, wanane au zaidi kama Mwongozo wa Jeshi la Polisi unavyotaka, na mpelelezi wa kesi asilisimamie. Shahidi akiwa amekwisha kumwona mtuhumiwa kwenye benchi la kaunta na pingu mkononi, gwaride hilo halina thamani. Na pasipokuwa na gwaride halali, mgeni kunyooshewa kidole mahakamani, akiwa amekaa peke yake kati ya askari, hakuthibitishi chochote ambacho hata mpita njia asingeweza kukibahatisha.