"Na Asiyezaa Je?"

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili



Tunaomba kuanza kwa kukiri kosa. Katika semina zetu za wasichana tumekuwa tukifundisha kwamba maumivu ya hedhi ni ya kawaida, na kwamba binti akizaa yatapungua. Siku moja mama mmoja kijana alinyosha mkono akauliza: "Na asiyezaa je?" Hatukuwa na jibu. Ameturuhusu tuwaeleze habari zake bila kumtaja. Tunamwita mama, ingawa wapo wanaomnyima jina hilo.

Ana miaka sita katika ndoa. Kila mwezi hulala siku tatu, shamba limemshinda. Ukweni walisema ni chango, akanywa mizizi. Zahanati ilimtibu mara kadhaa kama mwenye maambukizi ya kizazi. Altrasaundi haikuonyesha kitu, basi akahesabiwa mvivu. Mwishowe daktari bingwa alimchunguza kwa upasuaji wa matundu madogo tumboni, akakuta endometriosisi.

Katika ugonjwa huu, tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, kwenye mirija, hata kwenye utumbo. Huleta makovu, viungo vikashikana. Maumivu huja wakati wa hedhi, na kwa wengine wakati wa tendo la ndoa au haja kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unawapata wanawake wapatao 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Zamani matabibu wengi waliamini kuwa ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu. Mwaka 1976 Daktari Donald Chatman wa Marekani alionyesha kwamba baadhi ya wanawake weusi waliodhaniwa kuwa na maambukizi, kumbe walikuwa na ugonjwa huu. Ndiyo yaliyompata mama yetu.

Sasa lipo jambo gumu zaidi. Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Vidonge vya uzazi wa mpango huwatuliza wengi, lakini mtu hawezi kutarajia mimba huku akivimeza. Fikirini: anatafuta mtoto, anapewa vidonge vya kuzuia mtoto! Akivimeza, wifi zake wanaviona na maneno yanaanza. Akiviacha, maumivu yanarudi. Wako wengi wenye ugonjwa huu wanaopata mimba bila msaada. Upasuaji wa kuondoa tishu hizo huwasaidia baadhi. Wengine huhitaji kutungishiwa mimba maabara, na gharama yake sote tunaijua kuwa haishikiki.

Kwa kamati, tunaomba fedha ya diakonia itoe nauli ya rufaa, tena ya watu wawili. Mume naye apimwe, maana tatizo laweza kuwa kwake. Mume wa mama huyu alikubali baada ya mchungaji kumwendea nyumbani, si kwa tangazo. Na ile desturi ya kuwaita mbele wasio na watoto ili waombewe hadharani, tuiache. Anayetaka maombi atakuja mwenyewe. Huyu alikaa miezi miwili bila kuja ibadani kwa sababu hiyo.

Wafadhili wetu, taulo za kike mlizotoa zimewarudisha mabinti darasani, asanteni sana. Ila fomu zetu za taarifa huhesabu taulo. Binti anayezirai kwa maumivu hana safu yake, wala bajeti haina fungu la kumfikisha kwa daktari bingwa. Tunaomba tulirekebishe hilo pamoja.

Mama yetu ameacha vidonge tangu Pasaka. Maumivu yamerudi. Alipoulizwa anahitaji nini, hakutaja fedha. Aliomba mtu wa kumpalilia mahindi zile siku tatu. Akina mama wa mtaa wake wameshapanga zamu.