Kelele za Redio na Mitambo Inayozileta



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za adui mmoja wa redio asiyeonekana kwa macho. Mtu hufungua redio yake jioni apate kusikia habari, au bei ya mazao, au onyo la tufani. Mara husikia mngurumo kama wa kinu cha kusagia, au mlio kama wa mafuta katika kikaango, na sauti ya msemaji ikamezwa. Wengi hudhani ya kuwa redio imeharibika. Huipeleka kwa fundi, hulipa fedha, na kelele hubaki vile vile. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini chura huyu tunayemsema leo humzuia msikilizaji kabisa, na kwa hiyo yafaa tumjue anakokaa.

Kwanza na tuulize, kelele hizi hutoka wapi? Katika mwaka 1887 na 1888, mjini Karlsruhe katika Ujerumani, mtaalamu Heinrich Hertz alirusha cheche za umeme katika mtambo mmoja, na cheche ndogo ikaonekana katika pete ya waya iliyokuwa mbali kidogo, wala hapakuwa na waya wa kuviunganisha. Ndivyo mawimbi ya redio yalivyothibitishwa. Basi fahamuni neno hili: mtambo wa kwanza wa kurushia mawimbi ulikuwa ni cheche. Tokea siku hiyo hata leo, kila cheche ya umeme ni kama kituo kidogo cha redio kisicho na ruhusa wala lugha.

Wanafunzi waweza kujaribu wenyewe. Twaeni betri ya tochi, kipande cha waya na tupa ya fundi. Fungeni tupa upande mmoja wa betri, na waya upande wa pili, kisha pitisheni ncha ya waya juu ya meno ya tupa kwa muda mfupi tu, karibu na redio ya mawimbi ya kati. Mtasikia mkwaruzo ndani ya redio. Ikiwa betri ndogo yaweza kufanya hayo, je, mashine kubwa ya kuunganishia vyuma itafanya nini?

Pili, tutazame hospitali. Madaktari waligundua ya kuwa umeme unaotetemeka upesi sana hupita katika mwili bila kuushtua, nao hutia joto ndani ya nyama na viungo. Kwa njia hiyo waliwatibu wenye maumivu ya viungo. Tena, mwaka 1926, mjini Boston katika Marekani, daktari mpasuaji Harvey Cushing alitumia mtambo uliotengenezwa na William Bovie, ambao hukata nyama na kuzuia damu kwa nguvu za umeme. Hizo ni neema kubwa. Lakini umeme unaotetemeka mara milioni nyingi kwa sekunde ndio huo huo unaorusha mawimbi ya redio. Mashine ya kupashia goti la mgonjwa joto yaweza kuwa kituo cha redio bila kukusudia. Na kwa kuwa mawimbi mafupi huruka juu, yakarudishwa chini na tabaka za anga, kelele za mashine iliyo mjini zaweza kusikiwa katika nchi ya mbali.

Viwanda navyo vina mitambo ya namna hiyo: ya kukaushia mbao na gundi, ya kuunganishia plastiki, na ya kuyeyushia madini.

Hapo ndipo ilipo shida yenyewe. Mgonjwa ana haki ya kutibiwa, na mfanyakazi ana haki ya kazi yake. Lakini nahodha aliye baharini, akiita msaada kwa redio, naye ana haki ya kusikiwa. Hatuwezi kumwambia mmoja wao anyamaze ili mwingine aishi. Hapana budi kupimiana mipaka, kama watu wa kijiji kimoja wanavyopimiana mashamba.

Na mipaka ilipimwa. Mwaka 1933 wajumbe wa mataifa walikutana Paris, ikaanzishwa kamati ya kushughulikia kelele za redio, nayo ingali ikiweka vipimo vya kelele zinazoruhusiwa. Kisha mwaka 1947, katika mkutano wa Atlantic City, Marekani, mitambo ya viwanda, ya sayansi na ya uganga ilitengewa mahali pake: mitetemo 13,560,000 kwa sekunde, na 27,120,000, na 40,680,000. Wanafunzi watazame hesabu hizi. Ya pili ni mara mbili ya kwanza, na ya tatu ni mara tatu yake. Hili lina faida, maana kila mtambo hutoa pia mwangwi katika mara mbili na mara tatu ya mtetemo wake. Hivyo mwangwi wa mtambo uliomo katika shamba la kwanza huangukia ndani ya mashamba yale yale yaliyotengwa, wala hauingii kwa jirani.

Lakini mpaka peke yake hautoshi ikiwa ukuta una ufa. Huko Parkes, Australia, kuna chombo kikubwa cha kusikilizia nyota, chenye upana wa mita 64. Kwa miaka mingi kilinasa milio mifupi ya ajabu ambayo wataalamu hawakujua asili yake. Mwaka 2015 walipata jawabu: ilitoka katika jiko la mawimbi la kupashia chakula, pale pale kituoni. Mtu asiyekuwa na subira alifungua mlango kabla jiko halijazimika, na mlio mfupi ukatoka nje. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa, dawa yake ni nini? Mafundi wana njia tatu. Ya kwanza ni kuufunika mtambo kwa sanduku au wavu wa chuma usio na nafasi. Ya pili ni kutia kichujio katika waya wa umeme, ili kelele zisisafiri kwa waya hadi nyumba nyingine. Ya tatu ni kuunga waya wa ardhini ulio mzuri. Hospitali zenye mashine ya kupigia picha za mwili kwa sumaku huzungushia chumba chake chote madini, aghalabu shaba, kwa sababu mashine hiyo husikiliza mawimbi hafifu mno yatokayo mwilini, na redio za nje zingeiharibia picha. Kumbe siku hizi hospitali nayo ni msikilizaji!

Nasi vijijini tufanye nini? Kelele zikija, kwanza tuchomoe waya wa hewani. Zikikoma, zilikuwa zikiingia kwa waya huo. Zikibaki, tutumie betri, tuone kama zilikuja kwa njia ya umeme wa nyumba. Kisha tuandike saa zinapoanza na saa zinapokoma. Saa za kinu, saa za karakana, saa za zahanati, zote hujulikana. Daftari litatuonyesha mlango wa kubisha. Na tubishe kwa adabu, maana mwenye mashine aghalabu hajui analolifanya. Tusiguse mtambo wa mtu, hasa wa hospitali. Kazi hiyo ni ya fundi.

Hewa ni kama kisima cha kijiji. Kila mtu huteka, wala hapana aliyekichimba peke yake. Anayeteka bila kuchafua amewanywesha na wenziwe.

Kwaherini.