Hoteli ya Kijani na Haki ya Mlaji: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

(Mada iliyotolewa katika semina ya elimu kwa walaji)

Neno "kijani" limekuwa bidhaa. Matangazo ya hoteli za pwani na za mbugani hulitumia kila siku: hoteli ya kijani, hoteli rafiki wa mazingira, hoteli ya kesho. Mara nyingi neno hilo huambatana na bei ya juu zaidi, nasi huilipa tukiamini kwamba nyongeza hiyo inalinda bahari, msitu na visima vya wenyeji. Imani hiyo isipokuwa na msingi, wanaopata hasara ni watatu: mlaji aliyelipia kisichokuwapo, mwenye hoteli aliyegharimia ujenzi wa kweli akashindwa sokoni na mwenye maneno matupu, na jirani wa hoteli ambaye hakuulizwa lolote.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hoteli inayohifadhi mazingira haitambuliwi kwa rangi ya tangazo wala kwa paa la makuti. Makuti yaweza kufunika chumba cha zege chenye madirisha yasiyofunguka, kiyoyozi kikinguruma mchana kutwa. Hoteli ya namna hiyo hutambuliwa kwa kilichoundwa ndani yake, na mlaji anaweza kukijua kwa kuuliza mambo matatu.

La kwanza ni maji. Katika pwani na visiwa vyetu, maji matamu ya ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini. Visima vikivutwa kupita kiasi chumvi hupanda, na wa kwanza kuionja ni mwanakijiji, si mgeni aliyeletewa maji ya chupa. Kwa hiyo uliza: maji ya hoteli yanatoka wapi, na yakishatumika yanakwenda wapi? Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 200, katika mvua ya milimita 30, hupokea lita 6,000, ingawa sehemu yake hupotea njiani. Hoteli iliyojengewa mifereji na matangi ya kuyahifadhi maji hayo itakujibu bila kusitasita.

La pili ni nishati. Chumba kilichosanifiwa vizuri huanza kupoa kabla kiyoyozi hakijawashwa. Upenu mpana huzuia jua lisiupige ukuta, na madirisha yanayotazamana hupitisha upepo wa kaskazi na wa kusi. Wajenzi wa nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar waliyajua hayo walipojenga kuta nene za mawe na chokaa, wakaziacha njia nyembamba ili nyumba zitiliane kivuli. Hoteli ikijisifu kwa umeme wa jua, uliza umeme huo unaendesha nini: taa za bustanini tu, au vyumba na jiko pia? Uliza vilevile kama jenereta huwashwa kila usiku.

La tatu ni taka. Mabaki ya chakula huwa mboji au hutupwa? Maji ya kunywa hutolewa katika vyombo vinavyojazwa tena au katika chupa za plastiki? Maji machafu husafishwa kwa njia gani kabla ya kuachiwa ardhini au baharini?

Mfano halisi upo katika Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa Mji wa Zanzibar. Tunautaja kwa ajili ya elimu, si kwa kumpigia debe mfanyabiashara yeyote. Eneo la bahari la kisiwa hicho lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Nyumba za wageni ni 7 tu. Kila moja hukusanya maji ya mvua kutoka paani na kuyahifadhi chini ya sakafu. Maji ya kuogea huchujwa katika vitalu vya mimea. Vyoo ni vya mboji, visivyotumia maji ya kusukumia. Taa huwaka kwa umeme wa jua. Na vyumba hupozwa na upepo wa bahari. Mgeni hapati kiyoyozi, naye huelezwa hivyo. Hilo nalo ni sehemu ya uaminifu, kwa kuwa usanifu wa kuhifadhi mazingira una mambo unayomwomba mgeni ayaache, na mlaji ana haki ya kuyajua kabla ya kulipa.

Jihadharini pia na sifa ambazo ni utii wa sheria tu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini Tanzania tangu Juni 1, 2019. Hoteli inayojitangaza kuwa ya kijani kwa sababu haitoi mifuko hiyo imetimiza wajibu, haijabuni jambo. Na kadi inayokuomba utumie taulo lilelile siku mbili ni jambo jema, lakini faida yake ya kwanza huonekana katika bili ya dobi ya hoteli.

Vyeti navyo vichunguzwe. Nchini Kenya, chama cha Ecotourism Kenya kimekuwa kikizipanga hoteli katika madaraja ya shaba, fedha na dhahabu tangu mwaka 2002. Uonapo nembo ya namna hiyo popote, uliza nani aliitoa, lini, itakwisha lini, na kama inaihusu hoteli hiyo hasa au tawi jingine la kampuni.

Ndugu wasikilizaji, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwa upande wa Tanzania Bara, inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Zanzibar nayo ina sheria yake ya kumlinda mlaji. Lakini sheria huhitaji ushahidi. Uliza kwa maandishi kabla ya kutoa malipo ya awali. Hifadhi tangazo, majibu uliyopewa na risiti. Ukikuta mambo ni kinyume, mweleze meneja kwanza, ukiwa bado hotelini. Asiporekebisha, peleka malalamiko na vielelezo vyako kwa mamlaka ya kumlinda mlaji.

Hoteli za kesho zitajengwa kufuatana na maswali ya wateja wa leo. Mwekezaji anayejua kwamba mgeni atauliza habari za tangi la maji atalijenga tangi. Anayejua kwamba mgeni ataangalia rangi ya tangazo pekee atanunua rangi.