Dirhamu ya Chakula na Dirhamu ya Shoka

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Twajiusia nafsi zetu kwanza, kisha twawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo twataka kusema juu ya fedha anayopewa maskini mkononi mwake, kwani huku kwetu Shinyanga na Geita jambo hili limezungumzwa sana, na mengi ya mazungumzo hayo hayana haki ndani yake.

Ninyi mlio wakulima mwaijua miezi ya Desemba mpaka Machi. Mvua imenyesha, shamba lataka jembe, na ghala limekwisha. Basi mwenye njaa huliacha shamba lake magugu yakiota, akaenda kumpalilia mwenzake ili apate unga wa siku ile. Au huuza mpunga wake ungali majani kwa yule mwenye fedha, kwa bei aitakayo mwenye fedha. Siku ya mavuno hana cha kuvuna, na mwaka unaofuata ni vile vile. Watoto wa nyumba kama hiyo ndio tunaowakuta machimboni, wakiponda mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Kahama na Chunya. Husemwa kwamba watoto hawa wana tamaa ya dhahabu. Sisi tumewauliza baadhi yao, nao wametutajia daftari na chakula.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, uliundwa mwaka 2000, na mwaka 2012 ukaanza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Wanakijiji walikutana wakazitaja wenyewe nyumba zilizo duni kuliko nyingine, na kila baada ya miezi miwili kaya hizo zikapewa ruzuku, aghalabu mikononi mwa mama. Katika awamu ya kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na mwenye watoto aliongezewa, kwa sharti la kuwapeleka kliniki wadogo na shuleni wakubwa. Zaidi ya kaya milioni moja ziliandikishwa, na mwaka 2020 ikazinduliwa awamu ya pili. Shilingi 10,000 ni kitu gani? Yuko anayeitumia kwa chakula cha mchana mmoja mjini, kisha akauliza kwa nini maskini hakujenga nyumba kwayo.

Twamjua bibi mmoja wa wilaya ya Kishapu, mjane, mwenye wajukuu watatu aliowaachiwa. Malipo ya kwanza aliyala yote: mahindi, chumvi, sabuni, na sare ya mtoto mmoja. Malipo ya pili vile vile. Katika malipo ya tatu akanunua kuku wawili, na baada ya mwaka akawa na mbuzi. Tulipomwuliza ni lipi lililobadilika hasa, tulidhani atatuonyesha huyo mbuzi. Akatujibu, "Shehe, mwaka huu nimepalilia shamba langu kwanza." Maana unga ulikuwamo ndani mwezi wa Januari, hakwenda kibarua, na mtama wake haukusongwa na magugu. Mjukuu mdogo amemaliza darasa la saba. Yule mkubwa alirudi kutoka machimboni akakaa muhula mmoja, kisha akarudi huko huko, na hatuwezi kuwaambia kwamba fedha ile ilimponya kila mtu.

Wako wasemao kwamba maskini akipewa fedha atainywea pombe. Dhana hii ni kongwe, nayo imepimwa. Katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, ambako mpango huu ulijaribiwa kwanza, nusu ya vijiji vilipewa na nusu vikangojeshwa ili watafiti walinganishe. Waliopewa walizidi kuwanunulia watoto viatu, kujiunga na bima ya afya, na kufuga mbuzi na kuku. Nao waliokusanya tafiti za nchi nyingi hawakuona kwamba ulevi huongezeka. Mlevi yupo, naam, kama alivyo miongoni mwa matajiri, na hatujasikia mtu akidai tajiri azuiliwe mshahara kwa sababu hiyo.

Wengine hutuletea hadithi ya shoka. Wasema Mtume (s.a.w.) hakumpa mwombaji kitu, alimwambia akakate kuni. Ndugu zetu, isomeni yote. Ameipokea Abu Dawud kutoka kwa Anas bin Malik, kwamba mtu wa Ansari alikuja kuomba, na nyumbani kwake hamkuwa na kitu ila tandiko na bakuli. Mtume akavinadi vitu hivyo kwa dirhamu mbili. Moja akamwamuru awanunulie watu wake chakula. Ya pili anunue shoka, na alipolileta, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, ndipo akamtuma kukata kuni, akampa siku kumi na tano. Akarudi na dirhamu kumi. Basi nyumba ilishiba kwanza, na shoka likapatikana. Anayemwambia maskini akakate kuni, naye hajampa unga wala shoka, ameshika mkia wa hadithi akaacha kichwa.

Jirani zetu wa Kenya waliona jambo linaloshabihi hilo. Katika eneo la Rarieda, Siaya, shirika la GiveDirectly liliwapa wanakijiji fedha kati ya mwaka 2011 na 2013, wengine kidogo kidogo kila mwezi, wengine kwa mkupuo. Waliopewa kila mwezi walizidi katika chakula. Waliopewa kwa mkupuo walizidi katika vitu vya kudumu, kama mabati ya kuezekea. Na wanazuoni wetu wa Kishafii waliliona hili zamani. Imamu Nawawi ameeleza kwamba fakiri hupewa cha kumtoa katika ufakiri: mwenye ufundi apewe cha kununulia zana zake, mfanyabiashara apewe mtaji.

Nasi tumefanyaje? Hapa hatuna budi kujishitaki. Kwa miaka mingi katika msikiti wetu tumegawa zaka mlangoni mwezi wa Ramadhani, elfu mbili huyu, elfu tatu yule, ili majina yawe mengi. Mwaka mmoja tulimwona mama tunayemheshimu amesimama juani tangu adhuhuri mpaka karibu na alasiri, ukaya ameuvuta usoni. Fedha aliyoipata haikufika siku ya pili. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara ametukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na udhia, nasi tulidhani masimango ni ya ulimi tu.

Tena tukumbushane, ninyi mlio katika dhahabu: katika madhehebu yetu ya Shafii, dhahabu ya machimbo ikishasafishwa na kufika kiwango cha mithqali ishirini, nazo ni kadiri ya gramu 85, zaka yake ni mbili na nusu katika mia, nayo hutolewa hapo hapo bila kungoja mwaka upite. Wengi hungoja mwaka, na mwaka ukifika fedha haiko. Ama jirani asiyekuwa wa dini yetu, mlango wake ni sadaka, na mlango huo u wazi.

Kamati ya msikiti wetu imeafikiana kwamba Ramadhani ijayo hapatakuwa na safu mlangoni. Zitachaguliwa nyumba chache, na kila moja itapelekewa usiku, nyumbani kwake, chakula cha kufikia mavuno pamoja na fedha ya plau, au ya mbegu, au ya mbuzi, kama mwenyewe atakavyosema. Walio na majina ya kutaja wamwone katibu kwa faragha baada ya swala, na wenye zaka za mpunga waje na hesabu zao.

Twasema haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi nanyi. Wabillahi tawfiq.