Tiba Juu ya Mgongo wa Farasi

Farasi anapotembea, mgongo wake humsukuma mpandaji mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, kwa namna inayokaribia sana mwendo wa nyonga za binadamu. Hapo ndipo tiba ilipo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hata asiyeweza kupiga hatua, akikaa juu yake misuli ya kiuno na mgongo hulazimika kutafuta mizani, na iliyokakamaa hulegea kidogo. Ugonjwa wenyewe hauponi. Anayeahidi hivyo anauza maneno.

Jina linalotajwa zaidi katika tiba hii ni la mpandaji farasi Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpata mwaka 1944 ikamwacha amepooza chini ya magoti, hata kupanda na kushuka akawa wa kusaidiwa. Katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alitwaa medali ya fedha katika upandaji farasi, akishindana na wanaume. Mwaka 1969 Uingereza na Marekani zilipata vyama vya kitaifa vya upandaji kwa watu wenye ulemavu.

Gharama ndiyo kikwazo. Farasi hula hata siku asiyopandwa, na mtoto mmoja huweza kuhitaji watu watatu: mmoja wa kushika hatamu, wawili wa kutembea ubavuni.