Wajibu wa Ukoo kwa Vijana: Tuliyojifunza Wakati wa UVIKO-19

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, North York)



Nawakumbuka wenzetu waliotutoka katika miaka ya UVIKO-19, ambao tuliwazika tukiwa wachache makaburini na wengine wakitazama kwenye simu. Hao tumewalilia. Leo nimeombwa niwazungumzie vijana wetu, ambao waliumia wakiwa mbele ya macho yetu nasi tusione.

Machi 2020 shule za Ontario zilifungwa. Zilifunguliwa Septemba, zikafungwa tena baada ya Krismasi, zikafunguliwa, na Aprili 2021 zikafungwa hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Februari 2021 hospitali ya watoto ya SickKids, hapa hapa Toronto, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 70 ya watoto wa miaka 6 hadi 18 waliochunguzwa walikuwa wamezorota kiakili kwa namna moja au nyingine, na kwamba upweke ulihusika sana.

Niliposikia hayo nilisema ni mambo ya wenyeji; sisi tuna watu. Fleti yetu, karibu na Jane na Finch, ilikuwa na watu saba. Atakuwaje mpweke mtu aliye katika nyumba ya watu saba?

Mjukuu wangu alikuwa na miaka 15. Ameniruhusu kuyasema haya, kwa sharti nisimtaje jina. Alilala mchana na kukesha usiku. Sahani ya chakula ilibaki mlangoni kwake hadi ikapoa. Nami, niliyezeeka katika utumishi wa serikali nikikagua mafaili, nilimkagua na yeye: alama zake, saa zake za kulala, sala zake. Nilimwambia avumilie, nikamsimulia tulivyosoma kwa kibatari. Katika mila zetu babu na mjukuu ni watani, na mtoto humwambia babu asilothubutu kumwambia baba. Mimi nilikiacha kiti cha utani nikakalia cha ukaguzi. Nyumba ikawa na wakaguzi sita na mpweke mmoja.

Juni 2020 serikali ya Ontario iliruhusu watu kuwa na duara la jamaa wasiozidi 10. Tulikuwa na nafasi tatu, tukabishana kwa siku mbili nani aingie. Mjukuu wangu alitaja jina moja tu, la shangazi yake, ambaye hakuna kati yetu aliyemfikiria.

Kila Jumamosi shangazi alikuja, wakatembea kando ya Black Creek. Hakumuuliza habari za shule. Oktoba maduara hayo yaliposimamishwa, waliendelea kutembea wakiwa wameachana mita mbili. Jumamosi moja mtoto alisema kwamba anatamani alale asiamke. Shangazi hakupiga ukelele wala hakumhubiria. Alimuuliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Akajibiwa ndiyo. Hakumwacha peke yake. Jioni ile walipiga simu Kids Help Phone pamoja, na baadaye wakaenda kwa daktari. Leo binti huyo yu mzima, na yumo humu ukumbini.

Ndugu zangu, kumuuliza mtu swali hilo hakumtii wazo hilo kichwani; humpa nafasi ya kuutua mzigo. Lakini sisi huona haya, tukahofia jina la ukoo. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Kwa hiyo naleta pendekezo. Kabla hatujatawanyika leo, kila mtu mzima aandikishwe kwa kijana mmoja asiye wa nyumba yake, na kijana ndiye achague. Amtafute kila wiki, wale pamoja au watembee, na asimuulize alama. Akisikia neno zito, aulize waziwazi, abaki naye, na aite msaada. Namba 988 hupokelewa usiku na mchana kote Kanada tangu Novemba 2023. Ya Kids Help Phone ni 1-800-668-6868.

UVIKO umepita, lakini milango iliyofungwa ndani ya nyumba zetu bado ipo. Mimi nimekwisha omba radhi kwa mjukuu wangu, na amenirudishia utani wangu: sasa ananiita Mkaguzi Mkuu.