Wakfu Mdogo na Kazi Iliyokwisha Kuanza



Nimeombwa nieleze jinsi wakfu mdogo unavyoweza kusaidia mabadiliko yanayodumu. Msimamo wangu ni huu: wakfu mdogo usianzishe mradi wake. Utafute kazi ambayo wenyeji wameshaianza kwa michango yao, ujiunge nayo, na ukae nayo miaka mingi kuliko inavyopendeza kwenye ripoti.

Nyeri hatukosi ushahidi. Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi ilianzishwa mwaka 1972 kwa michango ya wakulima wa kahawa, enzi harambee zilipokuwa zimepamba moto. Mwaka 2012 ilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Hapa Mukurweini, wafugaji walianza mwaka 1990 kama kikundi cha kujisaidia cha kukusanya maziwa, na leo Wakulima Dairy ina kiwanda chake. Wafadhili huja kwenye kazi za namna hii, lakini huwakuta wenyewe wameshakaa kitako.

Mfano ninaotaka tuutazame kwa makini ni wa binti wa Ihithe, kule Tetu, Profesa Wangari Maathai. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alipanda miti saba pale Kamukunji, Nairobi. Mitano ikafa, miwili ikabaki. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu biashara ya miche, nayo haikufua dafu. Sasa jiulizeni: ofisa wa wakfu wowote, akija na fomu yake mwisho wa mwaka wa kwanza, angeandika nini? Angefunga faili.

Waliomsaidia hawakufunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuja msaada wa mfuko wa Umoja wa Mataifa wa wanawake, pamoja na ushirikiano wa Chama cha Misitu cha Norwe. Fedha hizo zilikuta vikundi vya akina mama wenye vitalu vyao, waliojifunza kuotesha mbegu kwa mikono na macho yao, ingawa wataalamu waliona kazi hiyo inahitaji diploma. Na malipo yalikuwa na busara yake. Mama hakulipwa kwa kuhudhuria semina, wala kwa idadi ya mashimo aliyochimba. Alilipwa kwa mche ulioshika, senti chache tu za dola kwa kila mmoja. Aliyepanda na kuacha mbuzi wale hakupata kitu. Kwa hiyo ulinzi wa mche ukawa kazi ya mwenye shamba, si ya mfadhili aliyeko mbali. Mwaka 2004, Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti iliyopandwa ilihesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Na vikundi vile havikuishia kwenye miti; vilizoea kukutana, kuweka hesabu na kumuuliza chifu maswali.

Tulinganishe na desturi yetu. Kila Januari wakfu wa familia fulani hukabidhi hundi ya kadibodi, picha zikapigwa, mtoto mmoja akaenda shule. Siidharau basari, mzazi anayeikosa anaijua thamani yake. Lakini katika mfumo wa sekondari wa miaka minne, karo ya shule ya kitaifa ya bweni ilipangwa kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, hivyo miaka yote minne ilipita 214,000 kwa mtoto mmoja. Kiasi hicho hicho, kikigawanywa kwa miaka, kinaweza kumlipa mweka hesabu wa siku chache kwa mwezi katika kikundi ambacho kila mara huvunjika kwa ugomvi wa pesa. Kikundi kisichovunjika kitasomesha watoto wake chenyewe.

Tatizo ni kwamba mweka hesabu hapigwi picha. Wala ukaguzi, nauli ya katibu kwenda Nyeri mjini kushughulikia usajili, au kabati la kuwekea vitabu. Wafadhili wakubwa huvikwepa vitu hivi kwa kuwa ni vidogo mno kwa taratibu zao. Hapo ndipo mahali petu. Tukipashika, hatuna mshindani.

Kuna hatari moja nisiyotaka kuipita. Harambee iliharibika wanasiasa walipogundua kwamba mchango hununua makofi na kura. Wakfu unaobeba jina la mtu aliye hai, hasa anayetamani kiti, utaulizwa kijijini unataka nini, na utaulizwa kwa haki. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, inadai uwazi wa hesabu kutoka kwa mashirika yaliyosajiliwa chini yake. Hata wakfu uliosajiliwa kwa njia nyingine ubandike hesabu zake ukutani pa kituo cha maziwa, mahali watu wanaposimama foleni alfajiri.

Kwa kikao cha alasiri naomba kila wakfu uje na jina la kikundi kimoja ambacho kimekutana bila msaada wake kwa muda usiopungua miaka mitatu, na swali moja ambalo wanachama wenyewe wamelileta. Asiye na jina la kikundi aketi na akina mama wa vikundi walio hapa, awasikilize kwanza.